Ukili Nilioupandisha Darini Mpaka Watoto Wakue

Mliobaki mezani pale kiwanda cha korosho mliniomba niandike mambo ya kazi kwa sababu siku ya kuaga nilishindwa kusema. Nilisimama na ile kanga mliyonipa, nikasema asanteni, nikakaa. Rehema akasema, basi mama andika, si una madaftari. Ni kweli ninayo. Tangu zamani naandika kwenye kurasa zinazobaki nyuma ya madaftari ya watoto wangu, na nimeyafungua yote kabla ya kuanza hii ili nisiseme uongo. Ila hayo madaftari niliandika mimi mwenyewe. Kama nilijidanganya siku ile, leo nitawadanganya na ninyi. Mlijue hilo mapema. Elimu yangu ni darasa la saba, na la saba lenyewe nilikosa nusu yake kwa kuugua.

Nani alipandishwa na nani alipewa nini sitaandika. Yalikuwa machache na mnayajua.

Siku ya kwanza nilikuja kiwandani na gauni zuri. Hilo ni kosa la kila mgeni na sijui kwa nini hatuambiani. Bi Mwanaidi, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi yote ninayoijua, alinitazama kutoka juu hadi chini akasema, "Umekuja kuposwa?" Wenzake wakacheka. Mpaka saa saba mchana lile gauni lilikuwa na madoa meusi ya mafuta ya ganda, na doa la mafuta ya ganda haliondoki. Nilikuja kulitumia kama kitambaa cha kufutia meza, nikalitumia miaka minne. Kwa hiyo sikupata hasara yote.

Enzi hizo hapa Nachingwea banda letu lilikuwa moja tu, na boila ilikuwa ya kuni. Korosho zinapikwa kwa mvuke, zinalala zipoe, asubuhi zinakuja mezani. Tulikaa wawili wawili. Mmoja ni mkataji: anaiweka korosho katikati ya visu viwili, anakanyaga chini kwa mguu, ganda linapasuka. Wa pili ni mtoaji: anachukua lile lililopasuka na kuitoa korosho yenyewe kwa ncha ya kisu, bila kuivunja. Mkataji anaogopa kukata kidole. Mtoaji anaogopa mafuta, maana ganda likipasuka linatoa mafuta meusi yanayochoma ngozi, na mtoaji ndiye anayeyashika kutwa. Mimi nilianza kama mtoaji.

Bi Mwanaidi alikuwa na sheria zake na hakuzibadilisha mpaka alipofariki. Mafuta ya nyonyo mikononi kwanza, majivu juu yake, ndipo ukae. Ukitoka, majivu tena, sugua, sabuni, maji ya uvuguvugu, kisha chokonoa kucha moja moja kwa kijiti. Alikuwa anachukua muda mrefu kwenye karai kuliko mtu anayetawadha. Nilimwambia siku moja kwamba anachelewa kula. Akanijibu kuwa korosho haina haraka, mwenye haraka ni mimi. Glavu zililetwa baadaye, lakini zilikuwa kubwa, zinachanika, na ukivaa huisikii korosho. Aliyezivaa siku zote ni msimamizi, na yeye kazi yake ilikuwa kushika kalamu.

Sasa niseme la kusuka, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu, ingawa Rehema ataona sikujibu alichouliza.

Nikitoka kazini jioni nilikuwa nasuka ukili. Nilifundishwa na shangazi yangu kule Mtua kabla sijavunja ungo. Kwa asiyejua: unachukua majani ya mkindu, yaani ukindu, yaliyokaushwa, unayachana kwa ukucha yawe membamba, mengine unayachemsha kwenye rangi, halafu unasuka utepe mrefu. Utepe huo ndio ukili. Ukifika urefu wa kutosha unaushona kwa sindano kubwa, shazia, mstari kwa mstari, mpaka unakuwa mkeka. Wanawake wengi huku wanasuka. Mimi sikusuka wa kuuza. Nikisuka mkeka ukaisha, nampa mtu. Niliupenda ule utepe wenyewe ukirefuka. Nilikuwa na nakshi yangu ya zambarau na nyeusi, inapinda kama njia ya sisimizi, na hakuna aliyenionyesha, ilitoka tu kwenye vidole siku moja. Kusuka hakuhitaji macho. Unaongea na watu, unatazama njia, vidole vinajua jani lipi liko juu na lipi limepita chini. Kwangu ilikuwa kama kupumzika kichwa. Sijui niielezeje zaidi ya hapo.

Mume wangu, Baba Salma, hakuwahi kunikataza. Nataka hilo lisomeke wazi, kwa sababu nikisimulia watu wanamwangalia yeye. Alikuwa mtu wa mikorosho yake na ufuta wake, anaondoka alfajiri, anarudi amechoka. Alisema suka tu. Nilipoacha hakuuliza mbona umeacha, lakini hata mimi sikumuuliza mbona ameacha kucheza mpira, na alikuwa beki mzuri wa timu ya kata kabla hatujazaa.

Salma alizaliwa mwaka wangu wa pili kazini. Alipotimiza miezi mitatu nikarudi mezani. Wifi yangu alikuwa anamleta getini saa nne, saa saba na saa tisa, nanyonyesha, anamrudisha. Mtoto analia pale getini na sisi mezani tunasikia. Mkiwa na watoto mnajua, maziwa yanashuka yenyewe hata kama mikono iko kwenye majivu. Siku moja nilinawa haraka. Mafuta yalibaki kwenye ukucha wa kidole gumba, kidogo tu, kama wino. Nikamshika kidevu, gumba shavuni, anyonye. Jioni shavu lilikuwa limetoka lengelenge la ukubwa wa punje ya choroko. Zahanatini muuguzi aliniuliza, "Umemchoma na nini?" Nikasema korosho. Akaandika. Kovu lenyewe halipo leo, lilipotea kabla hajatembea, lakini swali lile nilitoka nalo.

Kuanzia hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Fundi wa boila alikuwa ananawa mikono kwa mafuta ya taa. Grisi, masizi, kila kitu kinatoka mara moja. Nikajaribu. Mafuta ya ganda yaliondoka kama yameitwa. Majivu yanataka robo saa, mafuta ya taa dakika moja, halafu sabuni na ndimu kuondoa harufu ili mtoto asikatae ziwa. Nilifurahi. Niliandika kwenye daftari kwamba nimepata dawa. Bi Mwanaidi aliponiona akasema, "Mafuta ya taa yanakula."

"Yanakula nini?"

"Mkono."

Nikamwambia mtoto analia. Akanyamaza. Yeye alikuwa hajazaa, na nadhani kwa hilo aliona hana haki ya kuendelea. Sijui kama alinyamaza kwa hilo. Inawezekana alichoka tu kusema na mtu asiyesikia.

Basi mara tatu kwa siku. Salma miaka miwili, Hamisi miaka miwili, Mwajuma miaka miwili na kidogo, maana wa mwisho nilimdekeza. Na hata walipoacha ziwa sikurudi kwenye majivu, kwa sababu nilishazoea kutoka mapema kwenye karai.

Ukili niliuacha wiki ile ile ya lengelenge. Niliuviringa, nikaufunga na kipande cha kanga, nikampa Baba Salma aupandishe darini, juu ya boriti. Nikasema mpaka mtoto aache ziwa. Halafu ikawa mpaka Hamisi aache ziwa. Halafu mpaka Mwajuma aanze shule. Niliona kusuka ni kama kula peke yako wakati watoto wana njaa. Hakuna aliyeniambia hivyo. Mama mkwe wangu mwenyewe alikuwa anasuka.

Na alikuwepo Somoe. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mwenzangu wa meza, yeye mkataji mimi mtoaji, Mmakua wa Matambarale, na kwa kuwa mimi ni Mmwera tulikuwa watani, tunatukanana kutoka asubuhi. Yeye naye alikuwa anasuka. Alipozaa aliendelea kusuka. Mtoto mgongoni, ukindu mapajani, anabembea huku anasuka. Alipopata wa pili aliacha kazi, akarudi kwao Ruangwa kulima ufuta na mumewe, na nilisikia ameongeza wengine watatu na bado anasuka. Nimekuta mstari kwenye daftari unasema, "Somoe anasuka lakini watoto wana kamasi." Nimeusoma mwezi uliopita nikaona aibu peke yangu chumbani. Wa kwangu nao walikuwa na kamasi.

Mara moja nilijaribu kurudi. Ilikuwa Ramadhani, Mwajuma anatambaa, Hamisi ana kama miaka minne. Nikateremsha ukili, nikanunua ukindu mpya, nikautia rangi, nikauanika. Nikaenda kuchota maji. Niliporudi Hamisi ameukata ule ukindu wote kwa kisu cha jikoni, vipande vya urefu wa kidole, amevipanga chini anasema ni samaki. Nilimchapa. Nilimchapa kuliko kosa. Nilikuwa nimefunga, jua kali, yote hayo ni kweli na hayatoshi. Usiku hakutaka kulala karibu yangu. Nikasema moyoni, umempiga mtoto kwa sababu ya majani. Ukili ukarudi darini, na safari hii sikusema mpaka lini.

Naandika haya halafu nasita. Nikisema niliacha kwa ajili ya watoto, nasikika mama mwema. Lakini siku ile niliacha kwa sababu nilijiogopa. Ni vitu viwili tofauti na watu wamekuwa wakinisifu kwa kile cha kwanza.

Kazini mambo yaliendelea. Kutoka kutoa nikahamishiwa kumenya, kule ambako korosho ikitoka tanurini inaondolewa ngozi yake nyembamba ya kahawia, na baadaye kupanga madaraja: nzima nyeupe huku, nusu kule, vipande kule. Mnanijua kutoka meza hiyo. Mliniita Mama Nzima kwa sababu sikukubali iliyopasuka ipite. Ilikuwa sifa na ilikuwa kejeli, nilijua.

Boila ya kuni ikaondoka, ya umeme ikaja, ikawa inazima umeme ukikatika, tukaikumbuka ya kuni. Bi Mwanaidi akafariki. Katika mikono yote niliyoiona pale, wa kwake ndio uliobaki kama wa mtu wa kawaida. Tulipomwosha niliutazama sana. Sikuwaza kitu kikubwa. Niliwaza tu kwamba una mistari.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kusajili laini ya simu. Kijana wa kibandani akaniambia weka kidole. Nikaweka. Kingine. Kingine. Vyote kumi. Akafuta ile mashine kwa shati lake, akasema mama, mashine inasema hakuna mtu. Tulicheka sana pale. Laini ikasajiliwa kwa jina la Hamisi.

Salma alipoolewa Ruangwa, ilibidi mkeka. Kwetu mtoto wa kike anatoka na mkeka uliosukwa upande wa mama. Nilikwenda sokoni nikanunua, mzuri, wa rangi tatu. Siku ya shughuli wanawake wakaukunjua, wakapitisha mikono, wakasema Mama Salma mikono yako bado. Nilitabasamu. Sikusema nimesuka, na sikusema nimenunua. Nimelipima hilo mara nyingi na kila nikilipima linaangukia kwenye uongo.

Kesi ngumu kuliko zote mnaikumbuka wachache. Mzigo wa korosho nzima ulirudishwa kwa sababu umebaki na ngozi. Msimamizi alimshika Rehema, maana alikuwa mgeni na trei zilikuwa zimechanganyika. Rehema alilia mbele ya banda zima. Mimi nilinyamaza mpaka mchana. Siku ile nilikaa kwenye trei yangu nikapitisha vidole kwenye korosho kama nilivyozoea kufanya miaka yote, kutafuta ile ngozi kwa kugusa. Laini. Zote laini. Kisha nikainama nikatazama kwa macho, nikaona nusu yake zina ngozi. Ndipo nikajua. Vidole vyangu vilikuwa vinaniambia laini kwa sababu havikuwa na lingine la kusema, na sijui vilikuwa vimeanza lini. Nilikwenda kwa msimamizi nikasema trei ni yangu. Rehema anasema nilimwokoa. Rehema, nilichelewa saa tano nzima, na wewe ulikuwa unalia.

Baada ya hapo nilifanya kazi kwa macho. Ndiyo maana miaka ya mwisho mliniona nimeinamia meza, mkasema mama macho yanakwisha. Macho yalikuwa mazima.

Sasa mtashangaa. Pamoja na kujua hayo yote, nilistaafu nikitegemea kusuka. Ndilo jambo pekee nililokuwa nalingojea. Mwajuma amemaliza shule, yuko Dar. Hamisi ana familia yake. Nilijiambia kumenya ni kazi nyingine na kusuka ni nyingine, kwamba kusuka kuko ndani zaidi, vidole vitakumbuka. Wiki ya pili ya kustaafu nikamwomba Baba Salma ateremshe ule mzigo. Wa zamani ulikuwa umekauka, ukivunjika unatoa vumbi. Sikuusikitikia sana, nikanunua ukindu mpya kwa mama mmoja wa Chunyu anayeuleta sokoni.

Nilisuka siku tisa. Kila siku nilifumua. Nikitazama kwa macho, jani moja baada ya jingine, naweza, kama mtoto anayesoma kwa kidole. Lakini nikikaza sijui nimekaza kiasi gani. Ukili ulikuwa unalegea hapa, unabana pale, unapinda kama umelewa. Mara nyingine jani linanikata na najua tu nikiona damu. Siku ya tisa Baba Salma alikaa karibu akasema taratibu, "Si lazima, mama." Alisema kwa huruma. Nilimjibu vibaya na sitaandika nilichosema.

Nikapanda gari kwenda Ruangwa, na kutoka hapo bodaboda mpaka Matambarale, kwa Somoe. Hatukuwa tumeonana miaka mingi. Nilimkuta barazani anapepeta ufuta. Amenenepa. Alinitazama mpaka nikafika karibu kabisa, ndipo akasema, "Mmwera, panya wa kwenu mmewala wakaisha mpaka mnawafuata huku?"

"Nimekuja kukuchukua na wewe, nasikia umenona."

Akacheka, akanikumbatia, akalia kidogo. Tukala. Mume wake alishafariki. Watoto watano wote wako hai, wanne wameoa na kuolewa. Ukutani alikuwa ametundika ukili wa kila namna. Nikamweleza nilichojia: anifundishe upya kama mwali, kutoka mwanzo, labda nimesahau. Nilisema neno hilo, nimesahau, na nilijua si kweli.

Aliinuka, akaja kukaa mbele yangu, akauchukua mkono wangu wa kulia akauweka kwenye goti lake. Akasema nifumbe macho. Nikafumba.

"Unasikia?"

"Nini?"

"Hapa."

"Wapi, Somoe? Anza basi."

"Fumbua, shoga yangu."

Nikafumbua. Alikuwa ameshika shazia, na vidole vyangu vitatu vilikuwa na tone la damu kila kimoja. Alishanichoma.

Akanifuta kwa pindo la kanga yake. Mimi nikaanza kusema maneno ambayo si ya haki. Nikasema yeye aliweza. Watoto watano na alisuka, mimi watatu nikaacha, kumbe inawezekana, kumbe nilikuwa mjinga. Nilitaka anikatalie. Alikuwa mtani, nilitegemea atanitukana.

Somoe akasema, "Bakari ulimwona?"

Nilikuwa nimemwona asubuhi ile ile, ndiye mwanawe aliyepokea mfuko wangu. Mwanaume mzima, mpole, anachechemea.

"Nilikuwa nachemsha rangi. Yeye ameanza kusimama. Mimi natazama ukindu umekolea au bado." Alikunja lile pindo lenye damu. "Mguu wote, mpaka nyonga. Mimi nasuka, mwenzangu. Sijaacha hata mwezi. Na kila nikichemsha rangi nasikia ile sauti aliyoitoa."

Nilitaka kumwambia pole na niliona pole imechelewa zaidi ya miaka ishirini. Nililala kwake, asubuhi nikaondoka. Alitaka kunipa mkeka. Nilikataa, halafu njiani nikaona nimekosa adabu.

Nimefikiria sana kuhusu Somoe na mimi, nani alichagua vizuri. Sipati. Nikisema mimi, naona vidole. Nikisema yeye, namwona Bakari. Labda kuna wanawake waliosuka na watoto wao hawakuungua na vidole vyao vizima, na hao hawana sababu ya kuandika. Bi Mwanaidi aliyebaki na mikono yake hakuwa na mtoto wa kumlilia getini. Sisemi hilo kumpunguzia. Naliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo wenye watoto wachanga, la kazi ninalolijua kwa hakika ni hili: msinawe kwa mafuta ya taa. Majivu, sabuni, kijiti, robo saa. Mtoto akilia getini mwacheni alie hiyo robo saa. Naandika hivyo na mkono unakataa, lakini andiko ni hilo. Kama kuna kitu mnachokipenda, kusuka, kuimba kaswida, mpira wa pete, chochote, sina la kuwaambia. Msije kwangu kuuliza. Rehema ameshaacha kusuka tangu ajifungue, najua, na kila akiniona anangoja nimwambie amefanya vizuri.

Salma alikuja juzi kutoka Ruangwa na mtoto wake wa miezi saba. Aliukuta ule ukili mbovu uani, nilikuwa sijauchoma bado. Akauokota, akauvuta, ukaachia. Akauliza ni wa nani. Nikamweleza. Nilimweleza yote kwa mara ya kwanza, la getini, la mafuta ya taa, la darini, ila la lengelenge nilitaka kuliruka, nikaona si haki, nikalisema. Alisikiliza huku anamnyonyesha. Mwisho akasema:

"Lakini mama, sisi hatukukuomba uache."

Hakusema kwa ubaya. Salma si mtu wa ubaya. Nikasema najua. Akasema, "Nasema tu usije ukatuwekea kinyongo." Nikasema siwawekei. Na ni kweli siwawekei, na ni kweli hawakuniomba. Hakuna aliyeniomba. Nimetafuta kwenye madaftari yote mtu mmoja aliyeniomba, na hayupo. Ningempata ningekuwa na pa kuweka haya.

Mtoto akaanza kulia, kilio cha kuchoka. Salma akanipa nimshike ili akafunge mzigo wake, gari lilikuwa linaondoka saa nane. Akiwa ndani akaniuliza kwa sauti, "Mama, hebu mguse, nahisi ana homa."

Nikaweka vidole kwenye paji la uso la mtoto. Akanyamaza akanitazama. Nikavishusha shavuni, shingoni, chini ya kwapa. Nilikaza kidogo, nikaogopa kukaza zaidi.

"Mama? Ana homa?"

"Njoo umguse mwenyewe," nikamwambia.